Nyekundu Asiyoiona Mwenzangu

"Dada, mimi naona majina tu."

Aliniambia hivyo mwenzangu wa zamu ya usiku, saa moja kasoro asubuhi, kikombe cha chai kikiwa bado mkononi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, nikimwonyesha kwa kidole mistari mitatu kwenye kioo cha kompyuta yake ambayo, kwa hesabu zangu, ilipaswa kuwa inapiga kelele. Seva tatu zilikuwa hazijafanyiwa bekapu kwa siku tisa. Tuligundua kwa sababu tu mhasibu aliomba arudishiwe faili alilolifuta kwa bahati mbaya, na tulipolitafuta tukalikuta la siku tisa nyuma, kabla ya kazi yote aliyokuwa ameifanya wiki ile.

Skripti ya kukagua bekapu niliiandika mimi, na niliipenda. Kila alfajiri ilipita seva moja baada ya nyingine, ikaangalia kama nakala ya usiku imekamilika, kisha ikaandika jina la seva hiyo. Jina la kijani, imekamilika. Jina jekundu, haijakamilika. Basi. Mstari haukuwa na neno jingine lolote. Nilijisifu kwamba ni safi, haichoshi macho, mtu anatupa jicho mara moja anajua hali ya nyumba nzima. Kwenye kompyuta yangu, yenye macOS na usuli mweusi, nyekundu ile ilikuwa kali kama pilipili kichaa. Usingeweza kuipita.

Kwenye kompyuta yake majina kumi na manane yalijipanga kwenye safu moja, yote yakiwa na rangi ya kukaribiana na uji wa ulezi. Mwenzangu huyu hatofautishi nyekundu na kijani tangu utotoni. Ni hali ya kurithi, na huwapata wanaume zaidi kwa kuwa jeni zinazohusika ziko kwenye kromosomu X, ambayo mwanamume anayo moja tu na hana ya akiba. Hakuwahi kunitajia. Kwa nini anitajie? Miaka mingi iliyopita alishazipanga rangi za terminali yake ziwe za kumtuliza macho, rangi za udongo udongo, akaishi kwa amani na programu zote isipokuwa yangu. Kila asubuhi alihesabu majina. Yakitimia kumi na manane, aliandika kwenye daftari la zamu: bekapu sawa.

Nilitaka kumkasirikia, nikakosa pa kuanzia.

Siku ile nilizunguka ofisini kutazama ripoti yangu inavyoonekana kwa wengine, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa mwaka mzima. Kwenye kompyuta moja ya zamani ya Windows iliyobaki stoo, kila jina lilitanguliwa na kimshale kidogo cha kuelekea kushoto, mabano na namba, kama panya amekanyaga kibodi. Kwenye barua pepe, ambako ripoti ilikuwa inakwenda kila siku kwa mkuu wetu wa idara, mambo yalikuwa hivyohivyo, ila kimshale hakikuwepo. Nikakumbuka kwamba mkuu aliwahi kuniuliza kwenye ngazi, kwa upole kabisa, "Hizi mita 31 na mita 32 ni za nini?" Nilicheka nikidhani ananitania. Alikuwa anasoma alichotumiwa: [31m, [32m. Mtu mzima aliniuliza swali halali, na mimi nikamjibu kwa kicheko.

Msomaji asiyeshinda na mashine hizi anivumilie kidogo. Terminali, lile dirisha la kuandikia amri, haipokei rangi. Inapokea herufi. Programu ikitaka kuandika kwa nyekundu, hutanguliza herufi isiyoonekana, yenye namba 27 katika orodha ya ASCII, iitwayo Escape. Halafu mabano ya mraba ya kufungua, namba 31, na herufi m. Kijani ni 32, manjano 33, buluu 34. Sufuri hufuta yote na kurudisha hali ya mwanzo. Ni mtindo wa siku nyingi: Ulaya uliwekewa kiwango, ECMA-48, mwaka 1976, na Marekani ANSI ikatoa cha kwake mwaka 1979. Na VT100, ile terminali ya kampuni ya Digital ya mwaka 1978 ambayo madirisha yetu ya leo bado yanaiga tabia zake, yenyewe haikuwa na rangi hata moja ya kuchagua. Ilijua sarufi ya maagizo haya kabla haijawa na rangi ya kupaka.

Namba 31 ni namba tu. Kiwango kinasema nyekundu. Hakisemi nyekundu ipi. Kila terminali ina jedwali lake ambamo mwenye nyumba ameandika 31 ni rangi gani kwake, na akitaka anaweza kuandika zambarau na asiwe amevunja sheria yoyote. Nilikuwa nikidhani natuma nyekundu. Nilikuwa natuma ombi.

Hata namba zenyewe hazikubaliani. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi mwaka 1981, kadi yake ya rangi ilihesabu kutokea upande wa pili: buluu ni 1, nyekundu ni 4. Kwa ANSI nyekundu ni 1 na buluu ni 4. Dirisha la amri la Windows lilirithi hesabu ya IBM, kwa hiyo mpaka leo ukiandika color 4 mle ndani maandishi yanakuwa mekundu, wakati 34 kwenye Linux inakupa buluu. Nne ni ileile. Manjano ndiyo yenye vituko zaidi. Kwenye monita ya rangi ya IBM, ile iliyoitwa 5153, waliweka sakiti ya kupunguza kijani kwenye rangi hiyo moja tu, manjano iliyofifia, ikageuka kahawia. Microsoft nao, walipoleta PowerShell mwaka 2006 na dirisha lake maarufu la buluu, nafasi ya manjano iliyofifia waliijaza rangi inayokaribia nyeupe, na nafasi ya zambarau iliyofifia wakaijaza buluu ileile ya usuli. Programu iliyoandika kwa zambarau hiyo mle ndani iliandika kweli, ila kwa rangi ya ukuta.

Niliposoma hayo nilimkumbuka shangazi yangu na sare za harusi.

Kiswahili kina rangi tatu tu ambazo ni vivumishi vyetu hasa, zinazobadilika kufuata jina: -eupe, -eusi, -ekundu. Nyingi kati ya zilizobaki tumezikopa kwenye vitu. Kijani ni jani. Kijivu ni jivu. Manjano ni kiungo cha mchuzi, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda linalotia ulimi doa, waridi ni ua. Wauza vitambaa wana nyongeza zao, ugoro, maji ya kunde, damu ya mzee, na ndiyo maana kumtajia mtu rangi kwetu sisi ni kumtuma akatafute kitu kichwani mwake. Shangazi alikuwa mwenyekiti wa kamati. Aliwapigia simu akina mama kumi na wawili, akawaambia sare ni damu ya mzee, kila mtu anunue mwenyewe alipo ili kuokoa muda. Siku ya kitchen party wakafika. Kulikuwa na wekundu wa kukolea, kulikuwa na kahawia ya matofali, kulikuwa na watatu waliokuja na zambarau kabisa na walikuwa na uhakika kuliko wote. Mmoja akatazama mstari ule wa wageni, akauliza, "Kwani jamani, mzee wenu ni yupi?"

Shangazi hakucheka. Tangu hapo akiwa Kariakoo, akishapenda kitambaa chini ya taa za tyubu, hukibeba mpaka mlangoni akakitazama juani, kisha hukata kipande cha ncha na kumtumia kila mtu kwa basi. Watu humwona ana makuu.

Jambo moja kwenye mashine nililijua tangu mwanzo, nikalipuuza. Programu zenye malezi huuliza kabla ya kupaka rangi. Linux ina njia ya programu kujua kama inachoandika kinakwenda kwenye terminali, mbele ya macho ya mtu, au kinamiminwa kwenye faili au ndani ya programu nyingine. Ndiyo maana amri kama ls (ya kuorodhesha mafaili), grep na git zina chaguo liitwalo auto: mbele ya mtu zinavaa rangi, zikielekezwa kwenye faili zinavua. Mtumiaji haoni ustaarabu huo ukitendeka. Anauona siku ukikosekana, siku anapofungua ripoti na kukuta mita 31.

Ustaarabu huo nao kila ukoo una wake. Kwenye Linux unaiomba ls rangi kwa --color. Kwenye macOS, iliyochukua ls yake kutoka ukoo wa BSD, kwa miaka mingi ulilazimika kuandika -G. Ukiipeleka -G hiyo Linux, hupati rangi. Unapoteza safu ya majina ya vikundi, kimyakimya, bila kuambiwa kosa. Jedwali la rangi za mafaili upande mmoja linaitwa LS_COLORS, upande wa pili LSCOLORS. Kistari kimoja cha chini kimewatenganisha ndugu hawa, na lugha zao ndani hazielewani hata kidogo: mmoja anaandika di=01;34 ili saraka iwe ya buluu, mwingine anaandika ex. Mwaka 2017 likaja pendekezo liitwalo NO_COLOR, la kwamba mtu akiweka kigezo hicho kwenye mazingira yake, programu yoyote ijue hataki kupakwa. Nyingi zinatii. Nyingine zinamtazama tu.

Suala hili la kuuliza kabla ya kupaka ndilo lililonipeleka mahali ambapo sikukusudia kwenda.

Mdogo wangu wa kiume anaishi Mwanza. Mwaka juzi alinitumia ujumbe mrefu, mrefu kweli, wa kusogeza kidole mara nne, akinieleza kwamba anaacha kazi ya mshahara anaingia kwenye ufugaji wa sato kwa vizimba ziwani. Hesabu zake zilikuwamo, hofu zake zilikuwamo, na mwisho akaniuliza naonaje. Nilikuwa kwenye kikao. Nikasoma, nikafurahi, nikaandika: "Haya." Nikaweka na nukta, kwa sababu nilisoma shule ya watawa.

Msomaji wa Kiswahili ameshajua kilichofuata. Ninayoisikia kichwani ni haya ya mama yetu, ile ndefu inayoanzia juu na kushuka taratibu, haayaa mwanangu, anayoitoa akikusindikiza mpaka kwenye kona. Haya ya baraka. Aliyoisoma mdogo wangu ni ile fupi ya midomo iliyobanwa, ndugu yake wa karibu ni "utajiju". Neno moja hili hubeba ruhusa, amri, uvumilivu, kejeli na mshangao, na tofauti yake yote iko kwenye sauti. Kwenye ujumbe wa simu sauti imevuliwa. Zimebaki herufi nne na nukta, na kila msomaji anafungua jedwali lake. Jedwali la mdogo wangu lilikuwa limeandikwa na mtu aliyekua akisikia kwamba dada yake ndiye mwenye akili.

Hakunipigia miezi miwili. Mimi nilidhani yuko bize na samaki. Mama ndiye aliyesema, katikati ya habari nyingine kabisa: "Mdogo wako anasema umemtupa."

Kuna walioniambia dawa yake ni vikatuni vya emoji, weka kisura kinachocheka. Sina imani nayo sana. Mwaka 2016 Apple walibadilisha picha ya bastola kwenye simu zao ikawa ya kuchezea maji, huku simu za kampuni nyingine zikiendelea kuonyesha bastola ya risasi, na ilifika 2018 ndipo wengi wao wakaifuata. Kwa kipindi hicho mtu aliweza kutuma utani wa kumwagiana maji, ukafika ng'ambo ukiwa tishio la kuua. Msimbo uliosafiri ulikuwa mmoja.

Narudi kwenye skripti, maana ilibidi nirekebishe, na kurekebisha kulinichukua muda kuliko ninavyopenda kukiri. Wazo langu la kwanza lilikuwa kubadili rangi tu. Nilisoma kwamba buluu na chungwa hutofautishwa vizuri na wengi wasioona tofauti ya nyekundu na kijani, nikaona nimepata. Halafu nikakumbuka jedwali lake la udongo udongo, ambalo lingeweza kuifanya buluu yangu chochote. Wazo la pili nina aibu nalo: nilimwomba abadilishe terminali yake itumie rangi zangu. Nilimwomba kwa adabu, nikamwambia ni kwa ajili ya kazi, nitamsaidia kuweka.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Dada," akasema, "macho ni yangu."

Wapo wataalamu wenye njia ya kulikwepa jedwali la mwenye nyumba. Badala ya kutuma 31, wanatuma vipimo kamili vya nyekundu, kijani na buluu, kila kimoja kuanzia 0 hadi 255, rangi 16,777,216 za kuchagua, na terminali inayoelewa lugha hiyo inapaka kilekile ilichoambiwa. Nilijaribu jioni moja. Inafanya kazi, mahali inapofanya kazi. Terminal ya Apple kwa miaka mingi haikuielewa. Lakini hata mahali ilipotii sikufurahia. Nilijiona kama mgeni aliyekuja na ndoo yake ya rangi, akaanza kupaka ukuta wa sebule kabla hajakaribishwa maji.

Mwishowe nilifanya kile ambacho mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza angenishauri. Nikaandika neno. Mstari ukaanza na SAWA, IMEFELI au ONYO, kisha jina la seva, kisha saa. Rangi nikaibakiza, lakini sasa skripti inauliza kwanza kama iko mbele ya mtu, na ikikuta NO_COLOR inanyamaza. Mkuu wa idara akaniambia ripoti zangu zimekuwa nzuri siku hizi. Sikumweleza chochote kuhusu mita.

Kwa mdogo wangu nilipiga simu. Sikuwa na hotuba. Nilimuuliza sato wanakula nini, na gharama ya chakula chao ilimchukua dakika ishirini kuieleza, na nilipotaka kufunga maongezi nikashtuka kwamba nilikuwa karibu kusema "haya". Nikalisema hata hivyo. Kwa sauti lilikuwa salama.

Kungekuwa vizuri kuishia hapo, ila juzi ameletwa kijana wa field kutoka chuoni, mwenye bidii na kompyuta mpakato yake mwenyewe. Nikampa ripoti ya asubuhi aipitie. Nilikuwa nimemsimulia kisa chote cha bekapu, pengine kwa kujipamba kidogo, jinsi mwandishi wa programu asivyopaswa kuiachia rangi kazi ya neno. Alitikisa kichwa kwa heshima. Baada ya muda akaniita.

"Dada, samahani, huu mstari wa saba mbona mtupu?"

Nikaenda kutazama. Terminali yake ina usuli mweupe, kama karatasi. Mstari wa sita upo, wa nane upo, katikati yake pako peupe. Nikainama mpaka pua ikakaribia kioo, nikaanza kuona kitu kama maandishi yaliyoandikwa kwa maji ya ndimu. Neno nililiweka, ni kweli. Kisha nikalipaka manjano, lenyewe na jina la seva na saa, mstari mzima.

Mwenzangu wa zamu ya usiku alikuwa anafunga mkoba wake aende nyumbani. Aligeukia kompyuta yake, akateremsha macho mpaka mstari wa saba.

"Hapo pameandikwa ONYO," akasema. "Diski inajaa."